Mimba Huanza Lini? Ukimya wa Kanuni ya Adhabu

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, huadhibu utoaji mimba, bali haisemi mimba huanza lini. Kifungu cha 150 humtia hatiani ampaye mwanamke dawa kwa nia hiyo, awe mjamzito au asiwe. Adhabu yaweza kufika miaka 14. Kifungu cha 219 huchukua mimba ya wiki 28 kuwa ushahidi kwamba mtoto angeweza kuzaliwa hai. Sheria, basi, hupima nia. Lakini nia ya kutoa kitu gani, ikiwa mwanzo wake haukutajwa?

Wako wasemao mimba huanza yai linapotungishwa. Wengine, linapojishikiza katika mji wa mimba. Kwa wa kwanza, hata kitanzi hushukiwa. Kwa wa pili, kitanzi ni uzazi wa mpango tu. Hivyo mama wa Hedaru aliyewekewa kitanzi kwa ruhusa ya serikali aweza kuitwa muuaji usharikani mwake.

Zaburi ya 139 humsifu Muumba wa mtoto tumboni. Haikuandikwa kuhesabu siku. Uhai na tuuheshimu tangu mwanzo. Lakini dhamiri ya mama huyu tusiifunge pale ambapo Neno halikuifunga.