Jeni, Urithi na Utabiri: Uhakiki wa Istilahi za Saratani za Wanaume

Wafasiri wa maandishi ya afya wamekabidhiwa kazi ya kueleza kwa Kiswahili utafiti wa jeni kuhusu saratani za wanaume, hususan ile ya tezi dume na ile ya korodani. Maneno yamepatikana. Lakini baadhi yake yanapotosha dhana, na anayeumia ni msomaji mwenye maradhi.

Kwanza ni neno tezi dume. Kila mwanamume anayo tezi hiyo, chini ya kibofu cha mkojo. Hata hivyo husemwa, na mara nyingine huandikwa, kwamba fulani "ana tezi dume". Kwa usemi huo, kutanuka kwa tezi kunakoletwa na umri huchanganywa na saratani ya tezi, ilhali tiba zake ni mbalimbali. Mfasiri hana budi kuyataja maradhi kwa ukamilifu.

Pili ni usemi "jeni ya saratani". Jeni ya BRCA2, iliyotambuliwa mwaka 1995, imo mwilini mwa kila mtu, na kazi yake ni kusaidia kurekebisha DNA iliyoharibika. Kinachodhuru ni kasoro katika jeni hiyo. Basi kumwambia mtu "una jeni ya BRCA2" si kumwarifu lolote. Yafaa kusema "jeni ya BRCA2 yenye kasoro". Vivyo hivyo, mtoto harithi saratani, bali hurithi kasoro inayozidisha uwezekano wa kuipata.

Tatu, na ndilo zito zaidi, ni kitenzi kutabiri. Wapo watakaouliza: mbona twasema utabiri wa hali ya hewa? Ni kweli; lakini mvua isiponyesha, mtu hurudi nyumbani na mwavuli mkavu, basi. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2025, mate ya wanaume zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 55 hadi 69 yalipimwa ili kujumlisha athari za mabadiliko mengi madogo ya jeni. Waliokuwa katika sehemu moja ya kumi ya juu walialikwa kuchunguzwa zaidi. Kati ya 468 waliochunguzwa, 187 walikutwa na saratani. 281 hawakukutwa nayo. Je, hao nao tuseme walitabiriwa? Tena washiriki walikuwa wenye nasaba ya Ulaya, hivyo hesabu hiyo haiwezi kuhamishiwa msomaji wa Dodoma kama ilivyo.

Neno linalolingana na kazi hiyo ni kukadiria, na kinachokadiriwa ni uwezekano. Mwanamume akisoma kwamba saratani yake imekwisha kutabiriwa, atakata tamaa. Mwenzake ambaye hakutabiriwa lolote ataona hana haja ya kupimwa. Wote wawili watakuwa wamepotoshwa na kitenzi kimoja.