Kutua si kutamalaki: Vitabu kuhusu vita vya pwani

MAJUZI nikinywa chai Kona Baridi, kijana anayetamani kujiunga na jeshi la wanamaji aliniuliza: “Mwalimu, nisome kitabu gani kuhusu vita vya kutoka baharini hadi nchi kavu? Na kiwe cha huku kwetu, si Normandy kila siku.”

Nilimwambia aanzie Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India. Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Jenerali Aitken alitua bila upelelezi wa maana, akapigwa, akarudi melini akiacha bunduki na risasi. Siku zizo hizo, kikosi kingine cha Waingereza kilitoka Namanga, humu humu Kajiado, kikashambulia Longido. Nacho kikarudi nyuma.

Kuhusu mapigano ya Tanga, The Battle of Tanga 1914 cha Ross Anderson (2002) kinaeleza kwa makini. Tip and Run cha Edward Paice (2007) kina upana, tena hakiwasahau wapagazi waliokufa kwa maelfu. Kumbukumbu za Lettow-Vorbeck zisomwe kwa tahadhari, maana mshindi hujisimulia. Shajara ya Meinertzhagen ni tamu, lakini watafiti wa baadaye wameitilia shaka kubwa.

“Hizo zote ni za Kizungu!” kijana akacheka.

Kweli, nilikosea mpangilio. Ningeanza na Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, uliochapishwa 1955 pamoja na tafsiri ya J.W.T. Allen. Unasimulia jinsi Wajerumani walivyoiteka pwani na jinsi Bushiri, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, alivyowakabili.

Tazama kitenzi kwenye anwani. Hemedi hakusema ‘kushinda’ wala ‘kupiga’. Amesema ‘kutamalaki’, neno la ukoo mmoja na milki na mamlaka. Hapo ndipo ulipo uzito wa vita hivi: meli hupiga mizinga, watu hushuka, lakini swali ni nani atakayebaki na nchi. Aitken alitua Tanga, hakuitamalaki.

Utenzi una mipaka yake. Hemedi ana upande wake, na anayetafuta ramani au hesabu ya vikosi hatazipata. Lakini Anderson na Paice wanaandika kutoka kwenye nyaraka. Hemedi anaandika kutoka ufuoni, miongoni mwa watu walioziona manowari zikija.

Lililonisikitisha ni hili. KDF ilipotua Kismayu Septemba 2012, jeshi lilitoa kitabu chake, Operation Linda Nchi, mwaka wa 2014. Kwa Kiingereza! Hemedi aliweza kuisimulia vita ya manowari kwa Kiswahili zaidi ya karne moja iliyopita. Sisi tumeshindwa na nini?

Kijana wangu akivaa sare, asome vyote hivyo. Siku moja akistaafu, aandike chake kwa lugha aliyoniulizia swali.