Jina la Fundi: Sanamu za Ankoro na za Pwani ya Ziwa

Mji wa Ankoro umejengwa pale ambapo mto Luvua, utokao ziwa Mweru, waingia katika Lualaba. Ni mji wa wavuvi na wakulima, katika teritware ya Manono, jimbo la Tanganyika. Makao makuu ya jimbo ni Kalemie, kwenye pwani ya ziwa, mji ulioitwa zamani Albertville, ambao reli itokayo Kabalo iliufikia mwaka 1915. Watu wakitaka kutaja sanaa ya Kongo, hutaja muziki wa Kinshasa, au picha za rangi za Lubumbashi. Ankoro hawaitaji kabisa. Kalemie huitaja kwa samaki, na kwa meli, na kwa vita.

Basi ni ajabu, maana kazi ya mikono ya watu wa mito hii na ya pwani hii yatazamwa kila siku na wageni katika miji ya Ulaya na Marekani. Nyumba za makumbusho za Tervuren, London na New York zimeiweka mahali pa heshima. Sisi wenyewe tumeiona katika vitabu tu, tena wachache wetu. Nataka leo tuitazame kazi hiyo kama kazi, tupime ubora wake, wala tusiishie kusema ni “vitu vya mababu”. Neno hilo hufunika mambo mengi, na moja la mambo hayo ni jina la aliyechonga.

Tuanze na kigoda cha Kiluba. Wengi wenu mwajua umbo lake: mwanamke amepiga magoti au amesimama, naye anachukua kiti kichwani na kwa ncha za vidole. Mtu asiyejua desturi atasema, “Tazama jinsi wanawake walivyotwikwa mizigo!” Lakini huko ni kusoma bila kujua herufi. Mtazameni uso. Macho yamefumbwa nusu, shingo imenyoka, hakuna msuli unaojikaza. Uzito wa mfalme u juu yake naye hauhisi. Waluba walisadiki ya kwamba nguvu ya utawala hukaa kwa mwanamke. Hata mfalme alipokufa, alichaguliwa mwanamke, aliyeitwa Mwadi, awe kama makao ya roho yake. Ndiyo maana mwanamke wa kigoda hatumiki. Yeye ndiye anayeshikilia ufalme. Tena kigoda hiki hakikuwa kiti cha kukalia kila jioni. Kilifungwa katika kitambaa cheupe, kikatunzwa mbali na macho ya watu, kikatolewa kwa siku kubwa tu.

Fundi wa Kiluba hupenda mviringo: paji la uso la mviringo, mabega ya mviringo, nywele zilizosukwa kwa ustadi hata mtu angeweza kuhesabu misuko. Chale za tumboni zimekatwa kwa mpango, maana ngozi nayo ilikuwa maandishi. Ubora wa kazi hii ni utulivu wake. Na upungufu wake, kama niruhusiwe kusema, ni huo huo utulivu: ukitazama vigoda kumi vya kawaida, nyuso zote ni dada wa tumbo moja. Fundi mdogo aliiga, akalainisha, akamaliza.

Lakini wako waliokataa kuiga. Ndipo twafika kwa fundi ambaye wataalamu wamemwita kwa jina la kijiji cha Buli, kwa sababu baadhi ya kazi zake zilipatikana huko, upande wa Wahemba wa kusini. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Ubelgiji, Frans Olbrechts, alizilinganisha sanamu za Kongo zilizotawanyika katika makumbusho mengi, akatambua ya kwamba kadhaa zatoka katika mkono mmoja. Jambo hilo twaliona dogo leo, lakini zamani zile Wazungu wengi walidhani sanamu za Afrika huchongwa na “kabila”, kama vile mti uzaavyo matunda, wala si na mtu mwenye fikira zake. Olbrechts alionyesha ya kwamba yupo mtu. Leo kazi zinazohesabiwa kuwa zake au za karakana yake ni kama ishirini hivi. Mojawapo, kigoda, ilinunuliwa na makumbusho makubwa ya New York mwaka 1979.

Angalieni jinsi mtu huyu alivyochonga. Uso ni mrefu, mifupa ya mashavu imetokeza, mashavu yenyewe yamebonyea, kope ni nzito. Mikono ni mikubwa kupita kiasi cha mwili. Mwanamke wake si msichana. Ni mama mzee aliyeona mengi, na uzito wa kiti anaujua. Tervuren iko kazi yake nyingine, mtu aliyeshika bakuli, bakuli lile ambalo Waluba huliita mboko, la kuwekea udongo mweupe. Ameshika bakuli kama mtu mwenye njaa ashikavyo chakula cha mwingine. Je, fundi aliasi desturi? Hapana. Kiti ni kile kile, bakuli ni lile lile, chale ziko mahali pake. Alibadili kitu kimoja tu: akamtia mtu umri na huzuni. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote za upande wetu, na inapita nyingi za Ulaya za wakati wake ambazo zilimlilia mtu kwa makelele.

Jina lake ni nani? Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza. Walionunua waliandika jina la kijiji, pengine bei, basi. Ni katika miaka ya 1970 tu mtafiti aliuliza huko huko nyumbani, akaambiwa jina: Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba. Wako wataalamu wanaosema mikono ilikuwa miwili au zaidi, bwana na wanafunzi wake. Na iwe hivyo. Fundi mwenye wanafunzi ni fundi zaidi, si pungufu.

Sasa tushuke pwani ya ziwa. Kusini ya Kalemie iko Mpala, ambapo Emile Storms, mwanajeshi wa Ubelgiji, alijenga ngome mwaka 1883, na ambayo Mapadri Weupe waliipokea mwaka 1885. Wakristo wa pwani hiyo huihesabu Mpala kama mama yao. Lakini historia ya sanaa inalo neno lake hapa, nalo si tamu. Katika Desemba 1884 watu wa Storms walikishambulia kijiji cha Lusinga, mtemi wa Kitabwa, wakamwua, wakakata kichwa chake. Storms alikichukua kichwa hicho mpaka Ulaya, pamoja na sanamu ya mababu wa Lusinga, akaipanga sanamu sebuleni mwake Brussels. Leo iko Tervuren. Ni mtu aliyesimama wima, msuko mrefu umeshuka mgongoni, mwili umeandikwa chale kwa mistari safi. Watabwa si Waluba: hawapendi unene wa mviringo, wanapenda wembamba na ukimya. Sanamu ya Lusinga yafaa kusomwa kama shairi la ukoo. Lakini kila mtu aiitapo asema “sanamu ya Lusinga”. Pengine husema “ya Storms”. Twajua jina la aliyeuawa na la aliyechukua. La aliyechonga halitajwi.

Wengine watasema: hizo ni habari za upagani, zatuhusu nini? Jibu ni kwamba zatuhusu, maana sisi wenyewe tumekwisha kufanya vile vile ndani ya kanisa. Chukueni Missa Luba. Mwaka 1958, huko Kamina, wavulana na walimu kadhaa, wakiongozwa na Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, waliimba misa ya Kilatini kwa namna za nyimbo za nyumbani: za maombolezo, za kuagana, na mwendo wa ngoma. Mwaka huo huo kwaya hiyo, iliyoitwa Troubadours du Roi Baudouin, ilikwenda Ulaya ikaimba, na sahani ya santuri ikaenea dunia nzima. Hata wenye kutengeneza sinema Uingereza wakaichukua Sanctus yake katika mwaka 1968.

Ni kazi nzuri? Ndiyo, na sababu si ile wanayoitaja wageni. Wageni hupenda ngoma. Lakini sikilizeni Kyrie: mwimbaji mmoja anaanza peke yake, sauti inashuka kama mtu aliaye msibani, na kundi linapokea bila kumharakisha. Maneno “Bwana utuhurumie” yamepata kwa mara ya kwanza wimbo wa mtu anayehitaji kweli huruma. Credo ni dhaifu zaidi. Ni ndefu mno, na maneno ya mafundisho yanalemea wimbo, hata mwimbaji anaonekana anakimbizana na kitabu. Sanctus ni ya kuaga, na hapo ndipo panapotisha: kumsifu Mungu kwa sauti ya mtu anayeondoka.

Sehemu kubwa ya misa hiyo haikuandikwa kwanza ikaimbwa. Iliimbwa, waimbaji wakitunga papo kwa papo juu ya namna walizozijua tangu utoto, kisha ikaandikwa. Lakini katika santuri na katika vitabu vya nota jina linalotangulia ni la Padri. Wala simlaumu mwenyewe. Pasipo yeye kwaya isingalikuwapo. Lakini yule aliyeianza Kyrie alikuwa mtunzi, nasi twamwita “kwaya”.

Wala haikuwa lazima iwe hivyo. Lubumbashi, mwaka 1946, Mfaransa mmoja, Romain-Desfossés, alifungua karakana ya wachoraji, nao wachoraji wake waliandika majina yao chini ya picha: Pilipili, Bela, Mwenze Kibwanga. Kwa hiyo leo twaweza kusema Pilipili alipenda samaki na ndege, Bela alichora kwa vidole, na twaweza kupenda mmoja kuliko mwingine. Bila jina hakuna kulinganisha, na bila kulinganisha hakuna sifa wala lawama. Kuna “sanaa ya kienyeji” tu, neno la soko.

Kanisa limekwisha kusema juu ya mambo haya. Papa Pio XII, katika barua yake Evangelii Praecones ya 1951, alitaka sanaa njema ya mataifa isidharauliwe. Na Mtaguso wa Vatikano, katika hati ya Liturjia ya 1963, ulisema Kanisa halikuchukua mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake, tena ukataka nyimbo za asili za watu katika nchi za misioni zipewe heshima yake. Kabla ya hayo yote, Stefano Kaoze, mtu wa pwani hii hii, aliyepadirishwa mwaka 1917 akawa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi, alikuwa amekwisha kuandika juu ya fikira za watu wake, na maandiko yake yalichapishwa katika mwaka 1910 na 1911. Yeye alitia jina lake.

Nije sasa kwa jambo la leo. Mwezi wa Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren, na katika mwaka huo ikatunga sheria ya kufungua njia ya kuvirudisha. Ni vema. Lakini vikirudi vitakwenda wapi? Kinshasa iko nyumba mpya ya makumbusho, iliyofunguliwa mwaka 2019. Lubumbashi iko nyingine. Mtoto wa Ankoro ataviona lini? Mji wake uliteketezwa katika vita vya Novemba 2002, nyumba kwa maelfu. Baadaye, kuanzia 2013, vita vya Waluba na Watwa vilivunja vijiji vingi vya jimbo, na watu wengi wakakimbilia Kalemie. Mtu anayekimbia na watoto habebi kigoda. Vile vilivyobaki salama ni vile vilivyochukuliwa. Ndilo jambo chungu la habari hii, wala sijui njia ya kulisema kwa utamu.

Waluba walikuwa na kitu kiitwacho lukasa, ubao mdogo wenye shanga na simbi. Watu wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa vidole, wakasoma humo habari za wafalme, za Nkongolo na za Kalala Ilunga, na mahali pa safari zao. Mgongo wa ubao umekatwa kama gamba la kobe. Kila msomaji aliusoma tofauti kidogo, kwa kadiri ya mkutano uliokuwa mbele yake. Ubao ulioko katika kabati la kioo haupapaswi, nao umenyamaza. Ukirudi leo Ankoro, nani atausoma? Wazee wachache, pengine. Basi kazi ya kwanza si kungoja sanduku kutoka Ulaya. Ni kuwauliza wazee hao sasa.

Na parokia zaweza kufanya jambo dogo zaidi, lisilohitaji fedha. Katika kitabu cha ubatizo twaandika jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, siku na mahali. Lakini altare ya mti, msalaba wa kanisa, ngoma, na nyimbo zinazoimbwa kila Jumapili katika vigango vyetu: nani ameandika jina la aliyechonga, kijiji chake, na mwaka? Daftari moja latosha, na kalamu. Walimu wa kwaya waanze na nyimbo zao wenyewe, maana watunzi wa nyingi za hizo bado wako hai na wanakaa mitaa ya karibu.