Nyumba Iliyousikiliza Mwamba Ikapuuza Uzito

Kila inapotajwa Fallingwater, nyumba iliyoko Pennsylvania nchini Marekani, husifiwa kwamba inapatana na mahali ilipojengwa. Katika makala hii ninaikubali nusu ya sifa hiyo na kuipinga nusu nyingine. Nadai kwamba nyumba hii iliuheshimu mwamba lakini haikuuheshimu uzito wake yenyewe, na kwamba sisi tunaoishi vilimani hatuna budi kuzitenganisha heshima hizo mbili.

Nianze na sifa. Mwishoni mwa mwaka 1934 Edgar Kaufmann, mwenye duka kubwa mjini Pittsburgh, alimwomba Frank Lloyd Wright amchoree nyumba ya mapumziko kando ya kijito cha Bear Run. Kabla ya kuchora, Wright alitaka ramani ya upimaji inayoonyesha miamba na miti ya eneo hilo. Hapo ndipo ulipo ubora wa kazi yake: alilisoma eneo kwanza. Kiswahili kina maneno mawili kwa ardhi moja iliyoinama: aliye juu huona mteremko, aliye chini huona mwinuko. Kaufmann alitarajia nyumba iliyo chini, inayoyatazama maporomoko ya maji. Wright akaiweka juu yake. Aliye sebuleni huyasikia maji badala ya kuyatazama, na ngazi humshusha hadi kijitoni. Jiwe kubwa lililokuwapo halikuvunjwa. Liliachwa litokeze sakafuni, likawa sehemu ya meko. Mawe ya kuta nayo yalichimbwa papo hapo.

Sasa tuugeukie uzito. Baraza za zege zinatokeza hewani juu ya maji bila nguzo upande wa mbele. Wahandisi walioajiriwa na Kaufmann walitilia shaka hesabu zake, wakaongeza nondo katika mihimili ya sakafu kuu bila idhini ya Wright, naye akakasirika. Mbao zilizoshikilia zege zilipoondolewa, baraza ziliinama na nyufa zikatokea. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba hata nondo zile za nyongeza hazikutosha. Ncha za baraza ziliendelea kushuka, hadi takriban sentimita 18. Mwaka 1997 ziliegemezwa kwa nguzo za muda, na mwaka 2002 nyaya za chuma zilikazwa kandokando ya mihimili ili isishuke zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ulisubiri zaidi ya miaka 60.

Mtetezi wa Wright atasema kwamba kosa la hesabu haliufuti uzuri, na kwamba mwaka 2019 UNESCO iliiingiza nyumba hii, pamoja na kazi nyingine za Wright, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Uzuri wake siupingi. Ninachopinga ni mazoea ya kuliweka suala la uzito pembeni, kana kwamba ni jambo la mafundi tu lisilomhusu mhakiki. Kwenye mteremko, uzito ni sehemu ya mahali kama vile mwamba na maji. Nyumba isiyoweza kujishikilia haijapatana na mahali pake, hata ikipendeza vipi kwenye picha.

Kwetu Rwanda hoja hii si ya darasani. Mwanzoni mwa Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 120, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Mara nyingi anayejenga kilimani hukata ardhi apate uwanja tambarare, akaacha ukuta wa udongo mtupu nyuma ya nyumba. Mvua ikizidi, udongo ule hulegea. Mtu huyu hahitaji baraza za Wright, wala hana fedha za kuzikarabati. Anachoweza kuazima ni ile hatua ya kwanza: kupima kabla ya kuchora, kujua maji yanapitia wapi, kuzishusha sakafu ngazi kwa ngazi kulingana na mteremko, na kuchimba mfereji juu ya nyumba.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu tunapohakiki nyumba ya mlimani tuulize maswali mawili kwa pamoja: imekaaje pale, na imeshikiliwa na nini? Fallingwater inalijibu la kwanza vizuri kuliko nyumba nyingi. La pili ililijibu kwa kuchelewa, tena kwa msaada wa watu ambao msanifu wake alikataa kuwasikiliza.