Dopesick: kampuni imeshtakiwa, mgonjwa je?

Kama bado hujaitazama Dopesick, tamthilia ya Marekani ya 2021 yenye sehemu 8, itafute. Inahusu OxyContin, kidonge cha maumivu cha Purdue Pharma kilichoingia sokoni 1996 kikinadiwa kwamba uraibu wake ni wa nadra. Michael Keaton anaigiza Finnix, daktari wa mji wa wachimba makaa, anayewaandikia wagonjwa kidonge hicho kisha naye kinamnasa. Anaigiza, jamani, mpaka unasahau ni mwigizaji.

Tatizo langu ni mizani. Saa nyingi zinakwenda kwa wenye kampuni na waendesha mashtaka. Tiba inabanwa mwishoni: Finnix anaanza Suboxone, anapata nafuu, basi. Ukitazama harakaharaka unaweza kubaki na lile swali la mtaani: si kaacha dawa moja kashika nyingine?

Hapana, si hivyo. Unga na OxyContin hushika vipokezi vilevile vya ubongo. Unga hupanda haraka na kushuka haraka, na kule kushuka ndiko kunaleta arosto. Methadoni nayo inavishika, ila inapanda taratibu na kukaa muda mrefu, hivyo dozi moja iliyopimwa vizuri inamvusha mtu siku nzima bila arosto na bila kulewa. Buprenorfini, iliyomo kwenye Suboxone, inang'ang'ania vipokezi lakini inaviamsha nusunusu. Ukipiga unga juu yake, hausikii kitu cha maana. Naltreksoni huviziba kabisa, ila sharti ukae kama siku 7 hadi 10 bila unga kwanza, na wengi huishia hapo.

Je, kujikaza na kuacha bila dawa? Mwili unapoteza ustahimilivu. Ukirudi kwenye kipimo chako cha zamani, pumzi inakata. Betsy, binti mchimba makaa, anakufa kwa kuzidisha dozi (samahani kwa kukumalizia uhondo). Nililia, lakini nilitaka pia nielezwe mwili wake ulifanyaje.

Kuna kejeli nyingine ambayo ingestahili sehemu nzima. Daktari wa Marekani aliandika OxyContin kwa leseni yake ya kawaida ya dawa zinazodhibitiwa. Kuandika buprenorfini ya kumtibu mraibu kulihitaji kibali maalumu, na mwanzoni asizidi wagonjwa 30. Kibali hicho kilifutwa mwishoni mwa 2022!

Kwetu tatizo si vidonge hivyo, ni unga, lakini dawa za kutibu ni zilezile. Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011. Utaratibu ulioanza nao ulimtaka mgonjwa afike mwenyewe kila siku na kuinywa mbele ya mhudumu. Dawa ni bure, nauli si bure. Sasa mfikirie mtu asiye na kazi, anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, leo, kesho, na Jumapili pia. Hiyo ningeitazama sehemu zote 8.