Wasimuliaji wa Filamu Wapewe Maua Yao

Ipogolo iko chini ya mlima, pale barabara kuu ya TANZAM inapoupita mji wa Iringa kuelekea Mbeya. Kama kwingine Tanzania, vijana wa hapa wamekua na filamu za ng'ambo zilizosimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Kazi hiyo inastahili pongezi.

Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, ni mmoja wa waanzilishi wake nchini. Wakaja DJ Mack na wenzake. Kenya ikampata DJ Afro, Uganda ikawa na VJ Jingo. Msimuliaji hatafsiri tu. Anafupisha, anafafanua desturi za kigeni, anatonya nani wa kuogopwa, anatia utani wa mtaani.

Filamu za mapigano humbeba msimuliaji. Ubingwa wake hasa ungeonekana kwenye After the Thin Man ya 1936, mwendelezo wa filamu ya kwanza ya 1934, ambamo Nick na Nora Charles, mume na mke, wanachunguza mauaji San Francisco huku wakitaniana. Silaha kubwa ya waigizaji wao, William Powell na Myrna Loy, ni majibizano, yaliyoandikwa na Frances Goodrich na Albert Hackett, nao wanandoa. Mwishoni Nora anafuma soksi ya kitoto ndani ya treni, na mpelelezi hodari anachelewa kung'amua kwamba mkewe ni mjamzito!

Tafsiri ya neno kwa neno ingeua kicheko hapo. Mrithi wa Lufufu angemgeukia Nick kama shemeji yake na kumwambia aamke, baba mtarajiwa.