Kamani ya Gumegume

Mzee aliitoa kwenye kopo la maziwa ya unga, akaipangusa kwa kipande cha kanga kuukuu, akaniwekea kiganjani. Chuma kilichokunjwa mara moja, chembamba upande huu na kinene upande ule, cheusi kwa mafuta na umri. "Ibane, mwanangu," akasema. Nikaibana kwa vidole viwili. Ikakubali kidogo, kisha ikanisukuma vidole taratibu mpaka ikarudi ilivyokuwa, kana kwamba haijaguswa. Ilikuwa kamani ya mtambo wa gumegume, bunduki ya jiwe. Ndiyo kitu pekee kilichobaki cha kazi ya babu yake, aliyekuwa fundi wa bunduki Ujiji kabla ukoo haujafuata ziwa kuja kaskazini.

Nilikuwa nimempelekea cherehani ya marehemu mama. Mafundi wawili walikwisha kuniambia niitupe, ninunue nyingine. Kibanda cha mzee kiko hapa hapa Buyenzi, mjini Bujumbura, katika mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba, kimebanwa na magereji kushoto na kulia. Vijana wanashusha injini, redio zinashindana, na yeye ameinamia jiriwa yake kama hasikii.

Hapimi kwa rula. Huwasha kibatari mchana kweupe, akapitisha kipande juu ya moshi mpaka kishike masizi, akakitia mahali pake kwa upole, akakitoa tena. Palipofutika masizi ndipo panapokwaruza. Hapo hupitisha tupa mara tatu, akapuliza, akarudi kwenye moshi. Nilimtazama akifanya hivyo karibu saa nzima, kwa kipande kisichozidi punje ya hindi. Masizi yalipokuwa yanafutika sawasawa pande zote, hakukuwa na haja ya kukisukuma: kilizama chenyewe. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kazi ile ya moshi, na ndipo alipofungua kopo. Ndivyo mafundi wa bunduki walivyokuwa wakikutanisha chuma na chuma, na chuma na mti.

Kiswahili chetu kilizijua bunduki kwa moto wake. Kulikuwa na bunduki ya mrau, iliyowashwa kwa utambi. Ikaja ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Ikaja ya fataki. Kisha za viasi, zilizotiwa risasi kwa nyuma. Mtutu uliitwa kasiba, na ufito wa kushindilia baruti uliitwa mdeki. Aliyetaja neno moja tu alikwisha kukueleza bunduki ni ya zama gani na inataka fundi wa namna gani. Leo tunasema "bunduki", basi.

Katika mizigo ambayo Stanley alikwenda nayo Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, zama hizo zilisafiri pamoja. Aliziorodhesha mwenyewe katika kitabu chake: gumegume 24, na kando yake Henry moja na Winchester moja, zote mbili za wenzo, ambazo mpigaji huushusha na kuupandisha mkono wa chuma chini ya mtambo, ganda likaruka na kiasi kipya kikaingia. Wakati ule Winchester ilikuwa moja tu, ile ya mwaka 1866 yenye mtambo wa rangi ya shaba, na Henry ndiyo mama yake. Ukiziweka pamoja utaona fundi alivyofikiri. Henry hujazwa kwa mbele, na bomba lake la risasi lina ufa mrefu chini: vumbi huingia, na kasiba ikishika moto mkono hauna ubao wa kujikinga. Miaka michache baadaye Nelson King wa kiwanda cha Winchester akatoboa kijimlango ubavuni mwa mtambo, risasi zikaingilia hapo, bomba likazibwa, ubao ukawekwa. Kijimlango tu, si kikubwa kuliko ncha ya kidole gumba. Kila ninapokifikiria hukiona kwanza katika masizi ya kibatari.

Stanley na Livingstone walipopanda na ziwa mwaka ule ule kwenda kuutazama mto Rusizi kama unaingia au unatoka, walilala Mugere, kusini kidogo mwa mji wetu. Jiwe lao lipo mpaka leo, na tarehe imechongwa: 25-XI-1871. Watoto hupanda juu yake kupigwa picha.

Huko Marekani wako watu wanaozikusanya bunduki hizo za wenzo, na nikisoma habari zao huwaonea wivu kwa jambo moja. Kiwanda cha Winchester pale New Haven kilikubali kuagizwa. Mteja aliweza kutaka kasiba ya pembe nane badala ya mviringo, au nusu pembe na nusu mviringo. Ndefu kupita desturi. Bomba la risasi lililokatwa nusu. Kifyatuo cha kutegwa kabla, ili kiitike kwa mguso mwepesi. Kitako cha mti uliochaguliwa kwa mishipa yake. Kasiba iliyopiga shabaha kuliko nyingine ilitengwa, ikapambwa, ikaandikwa kwamba ni moja katika elfu. Za mwaka 1873 za namna hiyo zilitoka 130 na ushei tu. Karani aliandika mengi ya hayo daftarini, namba kwa namba. Daftari nyingi zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Cody, Wyoming, na mwenye bunduki ya babu akipeleka namba yake huweza kujibiwa ilitoka ghalani siku gani na ikiwa na nini. Babu wa mzee wangu naye alitengeneza kwa kuagizwa, bunduki baada ya bunduki. Yeye hakuwa na karani.

Najua ninasifu nini. Bunduki za Ujiji zilifuata pembe na watumwa, na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa biashara hiyo, walizileta mpaka huku Burundi, majeshi ya mfalme Mwezi Gisabo yakawarudisha. Nami nimekulia katika mji ambao tangu vita vilipoanza 1993 watoto walijua kutofautisha milio usiku kabla hawajajua kusoma. Sina mapenzi na risasi hata moja. Lakini bunduki zilizotulaza sakafuni zilikuwa zote sura moja, hazina jina la fundi wala la aliyeziagiza, na ubaya wao haukuniondolea heshima niliyo nayo kwa mkono uliokunja ile kamani na kuipa moto na maji kwa kiasi chake, ikabaki hai hata leo.

Linaloniuma liko karibu zaidi. Buyenzi ilisifika kwa mafundi. Gari lililoshindikana kwingine lilisukumwa kuletwa hapa. Sasa kijana akifungua kitu, la kwanza analotafuta ni kipande cha kubadilisha, na kama hakipo dukani, kitu kimekufa. Mzee ana tupa sita, amezipanga kwa ukali wa meno yake, na kwake tupa bado ni chombo. Kwetu neno hilo limebaki kuwa amri.

Cherehani ilipokubali, alinishonea mstari mmoja kwenye kile kipande cha kanga ili nione. Kisha akaniuliza nataja sehemu ngapi za bunduki. Nikataja tatu. Alikuwa anahesabu za kwake kwa vidole, amefika ya tisa, adhana ya alasiri ikatoka, na mjukuu wake akavuka kutoka gereji ya ng'ambo, mikono imejaa grisi, kuja kumwita. Kijana akaiona kamani juu ya meza, akaiokota, akaigeuza kwenye mwanga.

"Babu, hii inaingia gari gani?"

Mzee akaipokea, akaipangusa alama za vidole, akairudisha koponi. Halafu akapuliza kibatari.